Ramani ya Mwezi, Nakala ya Ruashi

Umeme ulikatika mwezi ukiwa nusu nje ya mashine.
Kijana wa fotokopi akaapa kwa mama yake kwamba utarudi;
tukangoja, tukala karanga, tukaisema vibaya kampuni ya umeme,
ukarudi. Mwezi ukamaliza kutoka
na doa jeusi upande wa kulia, chini,
pana kama kifungo cha koti.
Nakala arobaini na mbili. Madoa arobaini na mawili.
Sikuwa na pesa ya kurudia.

Darasani nikasoma majina:
Tycho. Kepler. Plato, mwenye sakafu laini.
Copernicus, upana wake kilomita tisini na kitu,
angemeza Lubumbashi na Kipushi na bado angelia njaa.
Na kwa nyuma, upande tusiouona kamwe,
Sklodowska, mwanamke wa jiwe jeusi lenye mwanga ndani,
jiwe kama lile la Shinkolobwe, nikaongeza,
na wale wa dawati la nyuma wakaacha kelele.

Numbi akanyoosha kidole.
"Mwalimu, hawa ndio walioyachimba?"
Hapana. Mawe yalianguka toka juu.
"Basi walifika kuyaona?"
Hapana. Wengine waliyatazama kwa vioo, wengine hata hivyo hapana.
"Sasa walilipa nini?"

Nikacheka, kisha kicheko kikanikwama.
Maana hapa tunajua shimo linavyopata jina.
Jina ni la pedeje, mwenye kununua kamba na tochi
na unga wa bukari wa wiki ya kwanza.
Shimo la Kyembe. Shimo la Papa Monga.
Shimo la Usiniulize, lililotoa maji matupu.
Na mgodi mkubwa wenyewe, Kalukuluku,
wazungu waliuita Nyota:
shimo ardhini lenye jina la nyota,
na huko juu mashimo yenye majina ya watu.
Aliyegawa majina alishika karatasi kichwa chini.

Nikawapa kanuni:
ili upewe shimo mwezini sharti ufe kwanza,
kisha miaka ipite, kisha wakubwa wakae mezani.
Numbi akaandika. Akapiga mstari chini ya "ufe kwanza".

Baba yake alishuka Novemba ile ya mvua nyingi.
Sharti hilo amelitimiza.
Siku ya tatu buldoza la kampuni likasawazisha,
na leo pana uzio, taa, na mbwa anayelishwa vizuri.

Jambo moja sikuwaambia:
kwamba huko mashimo hudumu kwa kuwa
hakunyeshi.

Mtihani wa mwisho wa muhula, swali la saba:
Taja mashimo matano, onyesha kwa mshale.
Numbi alipata manne sawasawa.
Mshale wa tano uliingia kwenye doa la wino,
katikati kabisa, na kwa herufi kubwa:
BANZA WA KATUBA, MTAALAMU WA MAWE.

Kalamu nyekundu niliishika muda mrefu.
Mahali pale mwezini hapana kitu, nimehakikisha.
Ni mashine tu. Ni unga wa wino na umeme mbovu.
Lakini karo ya mwisho aliileta Banza mwenyewe,
noti za faranga zenye kingo za kijani,
na vumbi lake la malakiti nililifutia kwenye sketi hii hii.
Yeye jiwe alilipima kwa ulimi.
"Hili asilimia nne," angesema,
na mashine ya mnunuzi ingetafuna umeme nusu saa
ndipo iseme nne nukta moja.

Nilimpa nusu alama.
Nusu nyingine sijui nadaiwa na nani.

Usiku huo, Ruashi nzima giza, mwezi ulitoka mzima.
Nilitazama upande wa kulia, chini.
Macho yangu si mazuri tena.